Ukuta Wenye Homa

Mzee alikuwa ameinua mkono tena.

Aliuinua polepole kutoka kwenye shuka, akanyoosha vidole vinne, akavikunja, akanyoosha kimoja. Kisha akamkazia macho mgeni wake. Taya lilikuwa limefungwa kwa nyaya, nyonga imevunjika, na katika mwili wote ule ni mkono wa kulia tu uliokuwa bado unamtii.

"Hivyo hivyo tangu jana alipozinduka," mkewe alisema. "Nikimshushia, anaupandisha. Usingizi ukimchukua, mkono unabaki juu kama mwanafunzi aliyesahauliwa na mwalimu."

"Mlimpa kalamu?"

"Tulimpa. Anatetemeka, anachora mende."

Mgeni alikuwa mpelelezi wa ajali za melini, mwanamke mfupi mwenye viatu vya ngozi ngumu. Bandarini walimwita Siafu, kwa kuwa ni mdogo na akishang'ata haachii. Alilijua jina hilo na hakulikataa.

"Nne, halafu moja," alisema. "Mna watoto wangapi, mama?"

"Sita. Na mke ni mmoja, mimi, nijuavyo. Hao wanne wakitokea ni wake, nyonga nyingine naivunja mwenyewe."

Mzee alifumba macho, akayafumbua, akainua mkono. Nne. Moja.

Alikuwa mpimaji wa unene wa chuma. Kila alipotaka kupima bati la meli alikwangua kwanza rangi na kutu, duara dogo kama sarafu, mpaka chuma king'ae. Ndiyo sababu aliitwa Mzee Sarafu. Juzi mchana alikutwa chini ndani ya tangi namba mbili la meli kubwa iliyofungwa gati la tano. Meli hiyo ilikuwa iondoke leo saa kumi jioni, na watu ishirini na wawili ndani yake.

"Ofisi wamesema aliteleza ngazini," mama alisema. "Eti macho yamekwisha. Mwanangu, huyu anaona sisimizi darini. Muulize yule serahangi wao, mkuu wa mabaharia wa sitaha. Asubuhi ile walifokeana. Alimwambia mume wangu, utatoka humo kwa machela."

Siafu alitazama saa ya ukutani. Saa nne na robo.

"Nitamuuliza," alisema.

*

Ofisi ya ukaguzi ilikuwa ghorofa ya pili, ng'ambo ya gati. Dirishani meli ilionekana nzima, ndefu kama viwanja viwili vya mpira, miaka ishirini na moja ya kutu chini ya rangi mpya, tumboni mawe ya madini. Mashine za kupakia zilikuwa zimenyamaza. Mabaharia walikuwa wanafunga milango ya mizigo.

Mpangaji wa ukaguzi alizima feni kabla hajamsalimu mgeni. "Dirisha linatosha," alisema.

Wenzake walimwita Kata-Mbili. Alikata penseli mbili, sabuni mbili, na karatasi zilizokwisha kuchapwa alizikata katikati kwa rula, akaandika mgongoni. Rundo la nusu hizo lilikaa mezani chini ya jiwe. Mkono wa birika, walisema, lakini hata mwenye meli alimpenda kwa hilo.

"Nieleze mpango wako," Siafu alisema, "kama unamweleza mama mkwe."

"Mama mkwe wangu angeshauliza bei." Alivuta kiti. "Meli hii ina chuma cha kupima mwaka mzima. Ukipima kila bati, meli inalala gatini na mwenye meli analia. Kwa hiyo tunauliza mambo mawili. Wapi panaharibika upesi? Na pakiharibika, madhara yake nini? Penye yote mawili tunapima. Kwingine tunakadiria."

"Mnakadiria kwa kutazama nini?"

"Dada yake. Zilijengwa mbili, karakana moja, ramani moja. Dada tulimkagua mwaka jana, bati kwa bati. Nimechukua vipimo vyake, nikatoa kutu ya mwaka mmoja. Pointi mia nne zikawa sitini. Siku kumi na mbili zikawa tatu." Alisema kama mtu anayeonyesha picha ya kifungua mimba wake.

"Mzee Sarafu alipima zote sitini?"

"Alinisomea hamsini na nne kwa simu. Siku ya tatu akaanguka ngazini. Sita za mwisho nimekadiria. Ziko mahali pa salama."

"Na daftari lake?"

"Halikuonekana. Tope la tangini lina meno."

Siafu aliinua mkono, akanyoosha vidole vinne, halafu kimoja. "Hii inakuambia nini?"

Kata-Mbili alitazama vidole muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tangi namba nne, pointi ya kwanza," alisema. "Kama ndiyo inayomsumbua, mpeni pole. Ilipimwa." Alivuta nusu-karatasi ya juu kabisa rundoni, akaandika: Tangi 4, pointi 1, milimita 14.6. "Kapime mwenyewe."

"Wewe huwa unaingia matangini?"

"Kuingia ni nguo, taa, na mtu wa kunisubiri mdomoni mwa tangi. Hesabu haihitaji taa."

Siafu alitia karatasi mfukoni. Alipofika mlangoni alisikia swichi ya taa ikizimwa nyuma yake.

*

Tangi namba nne lilimlia saa nzima na ushee. Alishuka, akatambaa, akaipata pointi ya kwanza, duara la sarafu mbele ya pua yake. Alipaka mafuta mazito kidogo, akabandika kichwa cha kipimo, akasoma. Kumi na nne nukta sita. Kata-Mbili hakusema uongo hata nukta moja.

Alipotoka juu, ametota jasho, ilikuwa karibu saa nane. Vuta-meli mbili zilikuwa zimeshasogea ubavuni zikitoa moshi. Kuizuia meli aliweza kwa sahihi yake peke yake, lakini si kwa hisia. Sheria ilitaka namba iliyopimwa. Na namba aliyokuwa nayo ilikuwa nzuri.

Akaenda tangi namba mbili, kukimbia si kukimbia.

Mdomoni mwa tangi alikaa mwanamke mnene juu ya ndoo iliyofunikwa. Mbele yake kulikuwa na ubao wenye misumari, na kila msumari ulikuwa wa kutundikia kibao cha shaba chenye namba. Anayeingia humkabidhi kibao, anayetoka hurudishiwa. Waliomjua walimwita Mama Vibao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Siafu mwenyewe! Nilidhani utakuwa mkubwa kidogo." Akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Haya, utapita hata kwenye tundu la ufunguo."

Kibao kimoja tu kilikuwa msumarini, namba kumi na tisa.

"Hicho cha nani?"

"Cha Mzee. Alitoka kwa machela, sikumpa mkononi. Na mimi kibao simpi ndugu wala wakili. Atakuja kukichukua mwenyewe." Alikifuta kwa kidole. "Mpaka hapo, kwangu mimi bado yumo ndani."

"Baada yake ameingia nani?"

"Leo asubuhi saa mbili, waosha matangi wawili na mpira wa maji. Nusu saa, wakatoka."

"Tangi zima nusu saa?"

"Tangi zima? Ukuta mmoja! Wa nyuma. Nikawauliza, mtu huoga mgongo peke yake? Wakasema ndivyo walivyoandikiwa." Alitoa karatasi chini ya ndoo. "Hii hapa. Kila anayeingia bila kuwa mpimaji huniachia karatasi yake."

Haikuwa na jina, imeandikwa tu: Oshweni ukuta wa nyuma, tangi namba mbili. Kwa niaba ya ofisi. Siafu aliigeuza. Mgongoni kulikuwa na mistari ya ramani, na ukingo mmoja ulikuwa umekatwa wima, sawasawa, kwa rula.

Aliikunja, akaitia mfuko wa pili, mbali na ile ya kwanza.

"Serahangi yuko wapi?"

"Nyuma yako, na amenuna."

Serahangi alikuwa pande la mtu lenye kamba begani. "Najua unachotaka," alisema. "Ndiyo, nilimwambia atatoka kwa machela."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alitaka kwenda mahali ambako sijamfungia kamba! Mpango ulisema atembee kwa ngazi tu, kamba nikafunga kwenye ngazi. Yeye akasema, wewe mdogo wangu, chuma hakisomi mpango. Tukafokeana. Nikaitwa mbele kufunga milango, yeye akashuka." Alisugua bega. "Aliyembeba kumtoa ni nani? Mimi. Na huku analia nilimtukana njia nzima, ili asilale."

"Ulimkuta chini ya ngazi?"

"Ngazi gani? Alikuwa kule nyuma kabisa. Hatua ishirini kutoka kwenye ngazi."

"Taarifa ya ofisi inasema ngazini."

"Mimi ofisi haikuniuliza."

Siafu alivua kibao chake shingoni, akampa Mama Vibao. "Nifungie kamba," alimwambia Serahangi, "ya kufika kule alikokwenda yeye."

*

Ndani kulikuwa giza na harufu ya kutu na chumvi. Tangi hili lilikuwa la maji ya uzito, yale ambayo meli hujaza ikiwa haina mzigo ili isiyumbe. Sasa lilikuwa tupu, na tope jembamba lililokauka limefunika kila kitu kama unga. Serahangi alitangulia na taa. Sauti ya vuta-meli ilisikika kupitia chuma, ikinguruma kama tumbo lenye njaa.

Walifuata mbavu za meli, nguzo za chuma zilizosimama kuta zote, kila moja na namba yake. Siafu alizisoma kwa sauti, moja moja. Thelathini na sita. Thelathini na saba. Mbavu tatu za kwanza zilikuwa na duara la sarafu, kama mpango ulivyoagiza. Kisha mpango ukaisha. Thelathini na tisa, hakuna duara. Arobaini, hakuna.

Taa ilipofika ubavu uliofuata, wote wawili walisimama.

Arobaini na moja.

"Si nne na moja," Siafu alisema. "Mzee wa watu."

Kuta nyingine zote zilikuwa na tope. Huu wa nyuma ulikuwa umeoshwa, unameta. Waosha matangi walikuwa wamefanya kazi nzuri. Kama kuliwahi kuandikwa kitu kwa chaki, kilikuwa kimekwenda na maji. Lakini sarafu hazikuwa za chaki. Saba zilipanda ukutani kuelekea juu, duara baada ya duara, chuma kilichokwanguliwa juzi na kuanza tu kupata wekundu. Mtu alikuwa amepima hapa, akashtuka, akapima tena juu kidogo, akashtuka zaidi, akapanda.

"Alisimama wapi kufikia ile ya juu?"

Serahangi aliinua taa. Kwenye urefu wa mtu mmoja na nusu kulikuwa na kibaraza chembamba cha chuma, sehemu ya mifupa ya meli yenyewe. Kipande chake kilikuwa kimekatika na kuning'inia. Ukingo uliovunjika ulikuwa mwembamba, unavunjika-vunjika kama mkate mkavu.

"Hakuteleza," Serahangi alisema polepole. "Meli imemwangusha."

Siafu aliweka kiganja ukutani, akakiondoa, akakirudisha. Kuta nyingine alizozigusa njiani zilikuwa baridi kama jiwe. Huu ulikuwa na homa.

"Nyuma yake pana nini?"

"Tangi la mafuta mazito. Hupashwa moto siku zote, yasigande kama samli."

"Tangu lini?"

"Zamani lilikaa tupu. Kama miaka tisa sasa tunalitumia."

"Na kwenye meli dada?"

"Nimekaa kule miaka minne. La kule liko tupu mpaka leo."

Hapo ndipo palipokuwa na shimo la hesabu. Ndugu wawili, tumbo moja, lakini mmoja ameishi miaka tisa na moto mgongoni. Chumvi na joto havina mchezo na chuma. Hakuna mpango uliouliza, kwa sababu dada alikuwa mzima.

Siafu alitoa kipimo, akapaka mafuta kwenye sarafu ya chini, akabandika. Alisoma, akafuta, akapima tena, mara tatu.

Bati lilipotoka karakanani lilikuwa milimita kumi na sita. Kikomo cha kuruhusiwa kwenda baharini kilikuwa kumi na mbili.

Saba nukta moja. Saba. Saba nukta mbili.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Tisa na dakika kumi na nane."

Juu yao king'ora cha meli kililia mara moja, kirefu.

*

Rubani wa bandari alikuwa ameshapanda. Chumba cha usukani kilikuwa kimejaa, rubani na redio yake, nahodha katika shati lililopigwa pasi, na Kata-Mbili aliyeleta cheti cha ukaguzi mwenyewe ili kuokoa nauli ya tarishi. Siafu aliingia na tope mpaka magotini.

"Nahodha, meli haiondoki."

"Bibie, kamba mbili zimeshafunguliwa."

"Zifungwe. Tangi namba mbili, ubavu wa arobaini na moja, milimita saba. Nimepima mimi, mara tatu, na serahangi wako ameshuhudia."

Nahodha alimgeukia Kata-Mbili. "Cheti chako kinasema kumi na nne pale."

"Ni makadirio," Kata-Mbili alisema. "Makadirio yanaweza kupishana kidogo. Hilo ni kosa la hesabu, si jinai."

"Kweli," Siafu alisema. "Kosa la hesabu nisingekufuata nalo. Nimekufuata na maji." Akatoa nusu-karatasi ya Mama Vibao, akaiweka juu ya meza ya ramani. "Wewe hulipii kiberiti bila sababu. Leo asubuhi ofisi imelipa watu wawili waoshe ukuta mmoja ambao haumo katika mpango wako. Nikajiuliza, bahili ametoa mfukoni kwa ajili ya ukuta huu, ameona nini juu yake?"

"Karatasi hiyo haina jina langu."

"Haina." Akatoa ile nyingine, ya milimita kumi na nne nukta sita, akaigeuza, akaisogeza kando ya ya kwanza mpaka kingo zikagusana.

Mistari ya ramani iliungana. Tangi moja, zima, limekatwa katikati kwa rula. Juu yake palichapwa jina la meli dada.

"Moja umeandika jana niliposema nakuja. Moja umeniandikia leo," Siafu alisema. "Zilikaa rundoni zimepandana."

Rubani aliacha kuongea na redio. Kata-Mbili alizitazama nusu zile mbili, kisha akaketi, ingawa hakuna aliyemkaribisha.

"Alinipigia simu kabla hajapanda," alisema. "Akasema, mwanangu, hapa pana saba, nimeandika ukutani kwa chaki kubwa, uje uone. Nikamwambia kipimo chako kibovu. Akasema basi napanda nipime juu." Alipangusa uso. "Mpango huu ulikuwa uende kwenye meli kumi na moja. Kumi na moja! Nikasema, meli ikirudi nitapima kimyakimya, nitarekebisha."

"Ikirudi," Nahodha alisema.

"Daftari?" Siafu aliuliza.

Kata-Mbili aliingiza mkono ndani ya koti. "Waosha matangi waliliokota chini ya ule ukuta, wakaniletea." Daftari lilikuwa dogo, limevimba kwa maji. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na namba saba, za mkono usiotetemeka, na chini yake maneno yaliyopigiwa mstari: watu ishirini na wawili.

"Maneno mawili tu, na yanatosha," Nahodha alisema.

"Hayo ni matatu," Kata-Mbili alisema bila kufikiri, macho kwenye ukurasa. "Manne ukihesabu na 'na'."

Nahodha alichukua cheti mezani, akakirarua katikati, akampa nusu zote mbili. Kisha akaegemea kipaza sauti.

"Serahangi. Funga kamba zote. Watu wote washuke gatini."

*

Siafu alisubiri mpaka ngurumo za vuta-meli zikatulia, ndipo akapiga simu hospitalini. Chini yake mabaharia walikuwa wanashuka mmoja mmoja na mabegi yao, wakinung'unika. Alikuwa anawahesabu bila kutaka.

Mama alipokea. "Bado ameinua," alisema. "Muuguzi kamwekea mto chini ya kiwiko. Tumfanyeje?"

"Mwambie hivi, mama. Mwambie ubavu wa arobaini na moja, tumeuona. Mwambie meli haiendi."

Simu ilibaki wazi. Sauti ya mama ilisikika kwa mbali, ikirudia maneno yale taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji kijiko kwa kijiko. Chini, mabaharia waliendelea kushuka. Kumi na tisa, Siafu alihesabu. Ishirini. Ishirini na moja. Ishirini na mbili alikuwa mpishi, amebeba sufuria yake kichwani.

"Mwanangu," mama alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Ameshusha mkono."